Mvinyo mwekundu ukilala kwenye chupa: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Huu ni mwaka wa 12 nauza mvinyo hapa Dodoma. Wateja wengi siku hizi wanafika kaunta wakiwa wameshasoma kitu kwenye simu: mhakiki fulani kasema mvinyo huu unakaba ulimi, ule hauna uzito, huu mwingine umepata alama 92 kati ya 100. Mara nyingi maneno hayo yaliandikwa mvinyo ukiwa mchanga kabisa, na chupa aliyoishika mteja ina miaka minne au sita. Hapo ndipo maswali yanapoanza. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila wiki.

Nimesoma uhakiki unaosema mvinyo huu ni mgumu na una ukakasi mwingi. Chupa ninayo tangu miaka 4 iliyopita. Bado niyaamini maneno hayo?

Yachukue kama habari ya siku ile. Aliyeandika hakudanganya, alionja alichowekewa mezani. Ila fikiria mtu aliyeonja ndizi ya Jumatatu, ngumu, inatoa utomvu, akaandika kwamba ndizi hiyo ni chungu. Wewe umeivundika, leo ni Ijumaa, inamenyeka yenyewe. Ndizi ni ile ile.

Kule Bordeaux, Ufaransa, waonjaji huitwa kila mwaka mwezi Machi na Aprili kuonja mvinyo wa zabibu zilizovunwa Septemba na Oktoba iliyotangulia. Una umri wa miezi 6 hivi. Bado uko ndani ya mapipa ya mwaloni, na utakaa humo mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutiwa kwenye chupa. Ndiyo maana alama za wakati huo mara nyingi hutolewa kwa kukadiria, tuseme 92 hadi 94, na mhakiki makini huonja tena baada ya mvinyo kuingia kwenye chupa. Lakini tangazo la kuuza hubeba alama iliyo nzuri zaidi, hata kama ni ile ya pipa. Kwa hiyo kabla hujauliza mhakiki alisema nini, tafuta tarehe aliyosema.

Nina daftari ninaloandika kila chupa ninayofungua. Kuna Syrah moja ya hapa Dodoma, yaani mvinyo mwekundu wa zabibu aina ya Syrah, niliyoinunua kasha zima, chupa 12. Ya kwanza niliifungua mwaka ule ule. Nimeandika: rangi ya wino wa zambarau mpaka ukingoni mwa glasi, harufu ya zambarau mbivu na pilipili manga, mdomoni inakauka kama umeng'ata ndizi mbichi, nimeacha nusu glasi. Miaka 5 baadaye nikafungua nyingine, jioni ya Julai, tukiwa watu wanne barazani. Niliinamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Katikati rangi ilikuwa damu ya mzee, na ukingoni imeanza kuwa ya tofali. Harufu ya zambarau ilikuwepo bado, lakini kavu, na nyuma yake ngozi, tumbaku, na ule udongo wa Dodoma unapopigwa na mvua ya kwanza ya Desemba. Ukakasi ulikuwepo, ila ulikuwa umelainika, unapita kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Hakuna aliyeacha kitu kwenye glasi.

Ndani ya chupa kunatokea nini hasa?

Ukakasi wa mvinyo mwekundu hutokana na tanini. Zinatoka kwenye maganda ya zabibu, kwenye mbegu, kwenye vikonyo, na kwenye mbao za pipa kama lilitumika. Ukinywa, tanini hushika protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na ulimi unahisi umekauka. Mvinyo mchanga una tanini nyingi zilizo huru na kazi yake ni hiyo.

Miaka inavyopita tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, na hushikana pia na anthosianini, yaani zile chembe za rangi zilizomo kwenye ganda la zabibu. Hufanya minyororo. Minyororo mingine hukatika na kujiunga upya, mingine hurefuka mpaka mvinyo unashindwa kuibeba, inazama. Kwa hiyo mambo mawili unayoyaona kwa macho ni jambo moja: rangi iliyopungua kwenye glasi utaikuta chini ya chupa, imekuwa machicha. Zambarau inakwenda kwenye wekundu, wekundu unakwenda kwenye tofali, na mwisho kabisa kahawia.

Harufu nayo ina safari yake. Ile harufu kali ya matunda mabichi ya mvinyo mchanga hubebwa na kemikali za harufu ziitwazo esta, ambazo nyingi hutengenezwa na hamira wakati mchuzi wa zabibu unachachuka. Esta hizo huvunjika taratibu. Nafasi yake inachukuliwa na harufu nyingine zinazozaliwa ndani ya chupa: ngozi, majani makavu, uyoga, tumbaku, matunda yaliyokaushwa. Anayependa matunda mabichi ataona hasara. Mimi huona faida, ingawa simlaumu anayefungua chupa yake mapema.

Oksijeni inahusika pia, kwa kiasi kidogo mno. Kizibo kizuri cha gome hupitisha takriban miligramu 1 kwa mwaka. Ikizidi, mvinyo unachakaa kabla ya siku zake. Dioksidi ya salfa ambayo mtengenezaji huongeza kabla ya kufunga ndiyo inayosimama langoni, nayo hupungua mwaka hadi mwaka.

Mnazi wa asubuhi jioni umeshachacha, na wanzuki hivyo hivyo. Kwa nini mvinyo usichache?

Mnazi na wanzuki hunywewa vikiwa bado vinachachuka, hamira ziko hai na bakteria wako hai, na chombo kiko wazi. Mvinyo mwekundu mkavu umeshamaliza uchachukaji wake: sukari imeliwa yote na kuwa kilevi, umechujwa au umetulizwa mpaka ukang'aa, umefungwa hewa isiingie. Asidi na kilevi chake huwazuia wadudu wengi. Ukiacha chupa wazi siku kadhaa utaona nao unaelekea kwenye siki, kwa sababu bakteria wanaotengeneza siki wanahitaji hewa. Kizibo kikiwa kizima, hawana njia.

Ukikaa miaka mingi unazidi kuwa mkali, kilevi kinaongezeka?

Hapana. Kama chupa inasema asilimia 13, baada ya miaka 10 ni ile ile.

Ni lawama zipi za wahakiki zinazofutika kwa muda, na zipi hazifutiki?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aliulize kabla ya kununua kasha. Uhakiki wa mapema una aina mbili za lawama, na zinafanana sana kwa msomaji wa haraka.

Kuna lawama za uchanga. "Tanini kali", "umefunga" (yaani hautoi harufu), "mbao zimezidi", "haujatulia". Hizi muda unaweza kuzitibu, mradi matunda yapo chini yake. Harufu ya mbao hupungua makali na kuchanganyika na nyingine, tanini nimeshazieleza.

Halafu kuna lawama za kasoro. Mhakiki akisema asidi ni kali kupita kiasi, usitegemee miaka iipunguze, kwa maana asidi haibadiliki sana ndani ya chupa. Akisema kuna harufu ya siki au ya gundi ya kubandikia, hiyo haiondoki, itazidi kujitokeza matunda yanapofifia. Akisema una harufu ya majani mabichi na ladha ni nyepesi, maana yake zabibu zilichumwa kabla ya wakati. Kila aliyekua kijijini anajua kwamba ndizi iliyokatwa kabla haijakomaa mgombani, hata uivundike vipi, inasinyaa tu. Kuiva ni kazi ya kuvundika, kukomaa ni kazi ya shamba. Mvinyo ambao haukukomaa shambani hauna cha kuivisha.

Lawama inayonipa shida mwenyewe ni "tanini kali, matunda hafifu". Hapo huwa nashauri kuacha. Tanini zitalainika, lakini matunda yatakuwa yamekwisha kabla yake, na utabaki na maji mekundu makavu.

Wahakiki wakubwa wamewahi kukosea kuhusu mvinyo utakaokaa?

Wamekosea, na wamepatia pia. Tarehe 24 Mei 1976 jijini Paris, Mwingereza Steven Spurrier, ambaye alikuwa na duka la mvinyo huko, aliwakusanya waonjaji 9 wa Kifaransa wakaonja mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kujua upi ni upi. Mwekundu ulikuwa aina 10. Ulioongoza ulikuwa wa California, Stag's Leap wa 1973, ukafuatiwa na Mouton-Rothschild wa 1970 kutoka Bordeaux. Utetezi uliotolewa ulikuwa kwamba mvinyo wa California hupendeza ukiwa mchanga, ila subirini miaka ipite, wa Bordeaux utaupita.

Wakasubiri. Mwaka 1986 mvinyo mwekundu ule ule ulionjwa tena New York, na ulioongoza ulikuwa Clos du Val wa 1972, nao wa California, ambao Paris ulishika nafasi ya 8. Mwaka 2006, miaka 30 kamili tangu siku ile, ulionjwa tena kwa pamoja London na Napa, California. Safari hii uliongoza Ridge Monte Bello wa 1971, uliokuwa wa 5 mwaka 1976, na nafasi 5 za juu zote zilikwenda California. Angalia mpangilio huo vizuri: mara tatu, washindi watatu tofauti, chupa za mavuno yale yale. Kila meza ilipima umri wake.

Bordeaux yenyewe ina mifano. Mavuno ya 1975 yalipokelewa kwa matumaini makubwa kwa sababu ya wingi wa tanini, watu wakasema huu ndio wa kuweka. Mwingi wake haukulainika kamwe, matunda yalikauka tanini zikiwa bado zimesimama. Mavuno ya 1982 yalikuwa kinyume: mvinyo laini, mnono, wenye matunda tele tangu mwanzo. Baadhi ya waonjaji walisema hautadumu. Mhakiki wa Kimarekani Robert Parker alisema ni mavuno bora sana, na jina lake likakua kwa sababu hiyo. Chupa bora za mwaka huo zilikuwa bado zinapendeza baada ya miaka 30.

Kila mvinyo mwekundu unafaa kuwekwa?

Hapana, na mwingi haufai. Mvinyo mwingi wa dukani, wa hapa na wa nje, umetengenezwa unywewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wa boksi usiuweke kabisa. Mwekundu mtamu wa bei ya chini haufaidiki chochote. Mvinyo ulioongezewa pombe kali, kama Port wa Ureno, una hesabu yake tofauti na unaweza kuishi muda mrefu sana.

Inayokaa ni ile yenye tanini, asidi na matunda kwa pamoja, kama ya zabibu za aina hizi: Cabernet Sauvignon, Syrah, Nebbiolo ya Italia, Tannat. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi.

Na mwekundu wa Dodoma?

Unaweza. Nasema hivi nikiwa nimeweka chupa na kuzifungua, na inaniuma kwamba mvinyo wetu karibu kila mara huhukumiwa ukiwa na miezi michache. Mgeni anafika, analetewa chupa iliyofungwa juzi, imesafirishwa juani, anaandika kwamba ni mgumu, anaondoka. Maneno yake yanabaki kwenye simu za watu miaka 10.

Mizabibu ilifika Bihawana kwa mikono ya wamisionari wa Kiitaliano katikati ya karne iliyopita, ikaenea Hombolo, Makutupora, Mpunguzi, Mvumi na kwingine. Tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni chache na zote zinakuja kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Hapa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, na anavuna mara 2 kwa mwaka: mavuno ya Februari na Machi, na mavuno ya Agosti na Septemba.

Hilo linabadilisha namna ya kusoma chupa. Ulaya ukiona mwaka kwenye lebo umejua mavuno. Dodoma mwaka mmoja una mavuno mawili yasiyofanana. Zabibu za masika hukua kwenye unyevu, ubwiri (ugonjwa wa ukungu) unazishambulia, kichala kinaoza kikiwa mtini, na mkulima analazimika kuchuma mapema asipoteze vyote. Za kiangazi huiva kwenye ukavu, usiku ni baridi, sukari inajikusanya na ganda linakomaa. Mzee mmoja wa Hombolo aliyelima zabibu tangu ujana wake aliniambia hata mkono unajua tofauti: kichala cha Septemba ni kizito, na punje ukiibonyeza inarudi. Kwa hiyo ukitaka chupa ya kuweka, muulize mtengenezaji ni ya mavuno yapi. Mtengenezaji anayejali atakujibu bila kusita.

Mbegu, yaani aina ya zabibu, nayo ina neno. Makutupora Nyekundu, ambayo ndiyo imetapakaa kwa wakulima, mimi huinywa ikiwa changa, na huipenda hivyo. Syrah na Cabernet Sauvignon za hapa naweka. Kuna pia mbegu za Italia zilizoletwa huku kama Teroldego, Marzemino na Aglianico. Aglianico ina tanini za kutisha ikiwa changa. Kwao kusini mwa Italia, mvinyo wa Taurasi unaotokana nayo hauruhusiwi kuuzwa kabla haujafikisha miaka 3. Sasa mtu akionja Aglianico ya Dodoma yenye miezi 8 akasema inakaba, amesema kweli ambayo Waitaliano waliiandikia sheria.

Ningependa sana kuona watengenezaji wetu wakizuia hata makasha machache ya kila mavuno, wayatoe baada ya miaka 4. Najua ugumu wake. Fedha inakuwa imelala, na mkulima anadai malipo yake ya zabibu leo, maana zabibu ikishaiva haimsubiri mtu.

Nimefungua chupa iliyosifiwa sana, nikakuta haina harufu wala ladha. Nimeuziwa feki?

Huenda imejifunga tu. Kuna mivinyo ambayo huchangamka miezi ya mwanzo, kisha ikanyamaza mwaka mmoja au zaidi, halafu ikafunguka tena. Vivyo hivyo mvinyo uliotoka kutiwa kwenye chupa huwa umechoka wiki kadhaa. Kama unazo nyingine, ziache miezi 12 kabla ya kujaribu tena. Hiyo uliyoifungua imimine kwenye jagi, uirudie baada ya saa 2 au 3.

Niweke wapi chupa zangu katika mji wenye joto kama huu?

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Niliwahi kuweka makasha mawili kwenye stoo yenye paa la bati, juu kabisa ya rafu, mwezi Oktoba. Nilirudi Januari. Vizibo vilikuwa vimesukumwa nje kiasi cha nusu ukucha, na kwenye shingo za chupa kulikuwa na michirizi iliyokauka, inanata. Nilifungua tatu. Zote zilikuwa na harufu ya jamu iliyochemshwa mpaka ikashika sufuria, na nyuma yake zabibu kavu. Hakukuwa na la kuokoa. Zilikuwa chupa za mkulima ninayemfahamu, na kumweleza kilichozipata kulikuwa kugumu kuliko hasara yenyewe.

Mvinyo unapenda nyuzijoto 12 hadi 14, giza, utulivu, na unyevu wa wastani ili kizibo kisikauke. Kubwa zaidi ya namba ni kutopandapanda. Joto linapopanda kwa nyuzi 10, mabadiliko ya kikemia huenda mara 2 au zaidi ya kasi yake. Ndiyo maana mhakiki wa London akiandika kwamba mvinyo fulani utafaa kuanzia mwaka wa 10, amewaza ghala la chini ya ardhi lenye baridi mwaka mzima. Chupa hiyo hiyo kwenye chumba cha nyuzi 25 Ipagala, hapa Dodoma, haitangoja mwaka wa 10, na haitafika ikiwa na ladha aliyoiahidi. Mimi hukata muda ule nusu, na hufungua ya kwanza mapema zaidi.

Tafuta chumba cha ndani ambacho ukuta wake haupigwi na jua la magharibi. Weka chini sakafuni, kamwe si juu ya kabati, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Laza chupa zenye kizibo cha gome ili mvinyo ukiguse kisisinyae. Kasha la mbao au boksi nene lililofunikwa blanketi husaidia kuzuia joto la mchana lisiingie na la usiku lisitoke haraka. Tundika kipimajoto kidogo hapo ukutani, hakina gharama, na kitakuonyesha chumba kipi cha nyumba yako kinafaa. Mara nyingi si kile unachodhani.

Wazee wa Kigogo walijenga tembe: kuta nene za udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo, madirisha madogo. Ukiingia saa nane mchana unahisi baridi shingoni. Sijaona ghala la mvinyo linaloufaa mji huu kuliko hilo, na anayejenga leo angeweza kujenga chumba kimoja cha namna hiyo nyuma ya nyumba kwa matofali ya udongo.

Friji ya kawaida je?

Kwa wiki chache, sawa. Kwa miaka, hapana: ni kavu mno, inatikisika, na umeme ukikatika joto linapanda na kushuka.

Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha inakomaa?

Inakomaa, ila polepole zaidi, kwa kuwa oksijeni inayoingia ni ndogo. Haina pia hatari ya kizibo kibovu. Watu wa hapa bado wanaidharau, na naona wanakosea.

Nimekuta machicha chini ya chupa. Imeharibika?

La. Nimeshaeleza yanakotoka. Simamisha chupa siku nzima yatulie chini, kisha imimine taratibu kwenye jagi safi huku umewasha tochi ya simu chini ya shingo ya chupa. Ukiona wingu jeusi linakaribia shingo, acha.

Nitatofautishaje mvinyo uliozeeka na uliokufa?

Anza na chupa kabla ya kufungua: kizibo kimechomoza, au mvinyo umeshuka sana chini ya shingo, jiandae. Ukifungua ukapata harufu ya boksi lililolowa mvua, tatizo ni kizibo, na haina uhusiano wowote na umri. Hata chupa ya mwaka jana hupata hivyo. Harufu ya siki, umekwenda. Rangi ya kahawia mpaka katikati ya glasi, harufu ya karanga na tufaha lililokatwa likaachwa, oksijeni imeingia kupita kiasi.

Ila usiwe na haraka. Mvinyo mzee ukifunguliwa huweza kuwa na harufu ya kabati lililofungwa muda mrefu, na ndani ya dakika 10 ikaondoka. Upe nafasi kwenye glasi kabla hujaumwaga.

Nitajuaje siku ya kufungua imefika?

Nunua zaidi ya moja. Chupa moja ni kubahatisha, chupa sita unaweza kufuatilia: fungua moja kila baada ya mwaka au miaka 2, andika ulichoonja. Bandika utepe wa karatasi kwenye kila chupa, andika kwa kalamu tarehe uliyonunua na mavuno yake.

Kama unayo mbili tu, fungua moja leo. Kunywa nusu, rudisha kizibo, acha mezani. Onja kesho, onja keshokutwa. Ikiwa kesho umekuwa mtamu wa harufu kuliko leo, ya pili inaweza kuvumilia miaka kadhaa. Ikiwa kesho umepoteza harufu na ladha, ya pili inywe mwezi huu. Si kipimo cha uhakika, hewa ya siku moja si sawa na miaka ya chupa, lakini kimenisaidia mara nyingi kuliko alama za kwenye simu.

Na kama mvinyo ni mchanga na huna subira, tafuta nyama. Tanini zitashika protini na mafuta ya mbuzi wa kuchoma badala ya kushika ulimi wako. Usinywe ukiwa na joto la chumba cha hapa. Uweke kwenye friji dakika 30 ufike nyuzi 16 hadi 18. Mvinyo mwekundu wa moto huonekana mkali na wenye kilevi kuliko ulivyo.

Marehemu baba aliacha chupa moja ya miaka mingi. Mama anataka tuifungue Krismasi familia ikikutana. Tufanyeje?

Poleni kwa msiba. Isimamisheni tangu mkesha, mahali penye ubaridi, na msiitikise. Kizibo cha zamani hukatika, kwa hiyo kizibuo kiingie chote, na mvute polepole bila kuzungusha kwa nguvu. Kikikatika, chujeni kwa kitambaa safi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni. Msiimimine kwenye jagi saa nyingi kabla, kwa kuwa mvinyo mzee hupoteza harufu yake haraka. Fungueni chakula kikiwa mezani. Glasi ya kwanza mpeni mama, naye anuse kabla ya mtu mwingine kusema lolote.